Dawa Iliyofanana na Maji

Habari ya kifo cha Mama Kabira ilinikuta nimeshika sindano. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda changu hapa Mombasa, nguo nimeipandisha, tumbo wazi, chupa ya insulini iko juu ya stuli, na simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mjukuu wake, binti niliyemwacha hajui hata kufunga kamba za viatu, na sasa ni mama wa watu. Maneno yalikuwa machache: bibi ametutoka asubuhi, tuombeeni. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi raajiun, kisha nikajichoma sindano yangu, kwa sababu sukari haijui matanga. Wa nyumbani kwangu walipoona nimenyamaza siku nzima wakaniuliza, Bi Fatuma, kwani si alikuwa bosi wako tu? Bosi! Niliinuka nikaenda zangu kuanua nguo, maana ningewajibu ningewavunjia heshima. Lakini swali lile lilinikaa kooni, na ndilo linalonifanya nieleze mwaka ule mmoja, wa kwanza wa ugonjwa wangu, nilipokuwa bado msichana mwenye miguu myepesi na mdomo mrefu.

Mwaka ule ulianza kwa kiu. Nilikuwa Riyadh, kwenye nyumba ya ghorofa mbili, na wenye nyumba tuliwaita Baba na Madam kama ilivyo desturi ya wafanyakazi wa ndani kule. Chumba changu kilikuwa nyuma, kimepakana na mashine za kufulia, hakina dirisha, na harufu ya sabuni ilikuwa imeingia mpaka kwenye mto. Nikaanza kunywa maji. Wee, acha tu! Nilikunywa ya jagi, nikanywa ya mfereji, nikanywa na barafu iliyoyeyuka kwenye glasi za wageni, na bado ulimi ulinata. Magauni yakawa yananizunguka kama nimeazima kwa mtu mnene. Nikadhani ni joto la Riyadh, nikadhani ni zile saa zao za kula, maana chakula chao cha mchana hupakuliwa wakati kwetu watu washaanza kufikiria chai ya jioni, na mimi hula baada ya wote. Siku moja nilikuwa natoa mashuka kwenye mashine, nikaona mashuka yananijia usoni. Nilipozinduka niko hospitali, mrija mkononi, na kando yangu amekaa mwanamke mzee nisiyemjua anamenya chungwa.

Alikuwa mama mzazi wa Baba. Kule tunamwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa wa nyumba, na huyu alikuwa amekuja kutoka Jeddah kutembelea wajukuu. Akanielekezea kidole kifuani: "Sukari." Kisha akajielekezea mwenyewe: "Sukari." Neno hilo kwa Kiarabu chao na kwa Kiswahili changu ni lilelile, basi hakuna mkalimani aliyehitajika. Akala kipande cha chungwa, akanipa kimoja, muuguzi akaja mbio kunipokonya, na yule mzee akacheka mpaka ushungi ukamshuka.

Niliporudi nyumbani niliwasikia wakinijadili. Jikoni na sebule ya wageni vilitengwa na ukuta mwembamba, na mfanyakazi wa ndani husikia kila kitu. Wenye nyumba hulisahau hilo kila siku. Baba alisema nilipimwa wakati wa kuja nikaonekana mzima, sasa itakuwa hospitali kila mara, basi akate tiketi nirudi kwetu, halas, yameisha. Madam akauliza, na akianguka akiwa amebeba mtoto? Sikuweza kumkasirikia, kwa sababu na mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo. Kisha nikasikia sauti ya mzee: "Nipeni mimi. Mimi nina sukari, yeye ana sukari. Chungu chetu kitakuwa kimoja." Baba akabisha sana. Mwisho akakubali, ila kwa sharti, na sharti lenyewe nililisikia neno kwa neno: "Mama, akianguka kwako mara moja tu, nakuja mwenyewe kumpeleka uwanja wa ndege."

Nataka msomaji aelewe sharti lile lilikuwa na uzito gani kwangu. Wakati ule kliniki niliyoijua ya kwetu, insulini leo ipo, kesho unaambiwa rudi wiki ijayo. Na mtu mwenye sukari ya aina yangu, ambaye mwili wake hautengenezi hata tone, hana wiki ijayo. Kurudishwa nyumbani kwa wengine kulikuwa aibu. Kwangu kulikuwa kaburi, na nililijua hilo nikiwa nimesimama pale jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

Mama Kabira alikuwa akikaa Hindawiyah, mtaa wa zamani wa Jeddah ambao wanawe wote walishauhama kitambo. Yeye aligoma. Aliishi ghorofa ya pili, ngazi za giza, milango ya jirani inanukia kila moja nchi yake: huku Wayemeni wanakaanga samaki, kule Wanigeria wanatwanga pilipili. Chini kulikuwa na duka la vyombo, na mwenye duka alikuwa akigombana na redio yake. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na makochi yaliyofunikwa nailoni. Mkeka wa kuswalia ulitandikwa mbele ya kiti, kwa sababu magoti ya Mama Kabira yalishakataa sakafu tangu alipofiwa na mumewe. Hakukaa chini kabisa. Kitu kikimdondoka alikisimamia na kukitukana mpaka nije kukiokota.

Asubuhi zetu zilikuwa ibada. Baada ya swala na kabla ya chai tulikaa kwenye meza ya jikoni, sinia ndogo katikati, chupa zake upande mmoja, zangu upande wa pili. Insulini zilikuwa mbili. Moja ya haraka, angavu kama maji, hiyo ni ya kukabili chakula. Ya pili ni ya polepole, ya kutwa nzima, yenye ukungu, na Mama Kabira aliiita laban, yaani mtindi. Laban ile ilikuwa haitikiswi. Unaiviringisha kati ya viganja taratibu mpaka ichanganyike. Basi tulikaa tunaviringisha chupa, yeye na mimi, midomo yake ikisoma nyiradi, yangu ikipiga miayo. Kisha mimi navuta dawa yake, kwa sababu macho yake hayakuona tena mistari ya sindano, na yeye ananichoma mimi mkononi, kwa sababu alisema mtu asijichome mwenyewe kama hana watu. Dawa zote mbili tulizivuta kwenye sindano moja, ya haraka kwanza, laban juu yake. Kwa dawa zile hiyo ilikuwa sawa, ndivyo tulivyofundishwa hospitali, na kwake yeye ilikuwa sheria. "Mwili wangu si mto wa kuchomekea pini," alikuwa akisema. Sindano moja asubuhi, moja jioni, halas.

Ila laban ilikuwa na tabia zake. Inalala, inalala, halafu inaamka yote kwa pamoja na kukukaba. Kila saa nne za asubuhi, na tena alasiri, lazima uwe umeshatia kitu tumboni, la sivyo jasho linakutoka, magoti yanatetemeka, unaanza kulisemesha kabati. Kwa hiyo saa nne zilikuwa za tende na kahawa, alasiri mkate na jibini, upende usipende. Yeye alishazoea, na sukari yake ilikuwa ya uzeeni, yenye huruma kidogo. Yangu ilikuwa mwehu. Mara mbili tatu alinikuta nimeshika ukuta, maneno yananigongana, akanimiminia sharubati mdomoni huku ananitukana kwa mapenzi. Sikula tena kwa njaa mwaka ule. Nilikula kwa hofu, na kila nilipotafuna niliona uwanja wa ndege.

Dokta wetu alikuwa mama wa Kisudani, mpole, mwenye kusema polepole. Alipoona vipimo vyangu vinaruka namna ile alisema laban haikufai, nakubadilishia ile ya polepole, kuna mpya. Mama Kabira yake iachwe hivyo hivyo. Akaeleza: hii inachomwa mara moja kwa siku, haina kuamka ghafla, inakwenda sawasawa kutwa kucha, haiviringishwi, haichanganywi na nyingine, inapewa sindano yake peke yake. Ya haraka utaendelea nayo wakati wa chakula. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, nilishika nusu, na nusu nyingine nilimwachia Mama Kabira, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima zote. Sasa najua alikuwa akitikisa kichwa vile mtu anavyomtikisia fundi anayemweleza mambo ya umeme.

Asubuhi iliyofuata niliiweka chupa mpya kwenye sinia. Mama Kabira akaichukua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. "Hii moya," akasema. "Maji. Mafi dawa." Hakuna dawa humu. Nikamwambia ndiyo yenyewe, na dokta kasema ichomwe peke yake. Akaniangalia kama nimemtukania mama. "Mbili? Asubuhi moja, sindano mbili? Kwani wewe ngozi ya ngoma? Vuta pamoja." Nikavuta ya haraka, nikavuta na ile mpya juu yake, kama tulivyofanya siku zote. Na mle ndani ya sindano, maji mawili yalipokutana, yakageuka ukungu. Sote wawili tukashtuka. Kisha uso wa Mama Kabira ukafunguka: "Laban! Umeona, Fattum? Laban imerudi!" Fattum ndilo jina alilonipa. Akapiga bismillah, akanichoma, na mimi moyo ukanitulia kabisa. Ile rangi ya mtindi ilikuwa ndiyo rangi ya kuwa hai. Hatukuwa na sababu yoyote duniani ya kuiogopa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuchanganyikiwa. Mashine ya kupimia ikawa kama mtu mwongo: asubuhi inasema hivi, mchana inasema vile. Kiu ikarudi, ile kiu ya Riyadh, na kila nikiinua jagi moyo unanipiga. Zaidi ya hayo sikuacha tende za saa nne. Dokta alisema dawa mpya haiamki ghafla, lakini nani atamwamini mtu asiyekabwa yeye? Mwili wangu ulishajifunza kwamba saa nne kuna shimo, na nililijaza shimo hilo kila siku, liwepo lisiwepo. Sukari ikapanda. Dokta akaona vipimo, akaongeza dawa. Sukari ikapanda tena, akaongeza tena. Hakuna aliyekosea kwa makusudi katika habari hii, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikilifikiria: wanawake watatu, kila mmoja anafanya lililo jema, na kwa pamoja wananisukuma ukingoni.

Baba alikuwa na shughuli bandarini, akapiga simu kwamba angepitia kwa mama yake chakula cha mchana. Mama Kabira akafurahi kama bibi harusi. Kuanzia asubuhi nilikuwa jikoni: kitunguu kinakaangwa, nyama inachemka, achari, saladi, mchele umeoshwa umetiwa kwenye supu ya nyama. Saa nne ikapita sikuiona. Tende zilikaa kwenye kisahani chake na mimi nikawa nachungulia chungu. Mwenyewe nilijihisi vizuri, nilijihisi hodari hata, na niliinua sinia kubwa ya kupakulia nikaipangusa. Nakumbuka nilitaka kumwambia Mama Kabira kwamba sinia inaimba. Sijui nililisema au la. Nilisikia kishindo cha bati sakafuni, na baridi ya vigae shavuni.

Kitu cha pili ninachokumbuka ni uso wake. Ulikuwa usawa wa uso wangu, karibu, na nilishangaa kwa sababu sikuwahi kumwona kwa kimo kile. Mama Kabira alikuwa sakafuni. Sijui alishukaje, kwa magoti yale, peke yake. Kidole chake kilikuwa mdomoni mwangu, kina asali, ananisugua ndani ya shavu, na machozi yanamtiririka huku anasema, meza, meza wewe, meza mwanangu. Na nyuma ya maneno hayo nilisikia ufunguo mlangoni. Baba alikuwa na ufunguo wake.

"Mama? Nini kimeanguka?"

Mikono ya Mama Kabira ilikuwa na nguvu nisizozitegemea. Alinikalisha, akaniegemeza kabatini, akaivuta ile sinia akaniwekea mapajani. Baba akafika mlangoni mwa jikoni, kanzu nyeupe, miwani ya jua mkononi. Akasimama.

"Sinia imeniponyoka," Mama Kabira akasema. "Tunachagua mchele."

"Chini?"

"Chini ndiko kwenye baridi. Una neno?"

Baba akaniangalia. Nilikuwa naloa jasho, nadhani na asali kidevuni. Nikaanza kusogeza vidole juu ya sinia, huku na huku, kama ninavyochagua mchele tangu utotoni. Sikuweza kufanya zaidi ya hapo, na hata hilo vidole vililifanya vyenyewe. Akamwangalia mama yake. "Haya," akasema Mama Kabira, "usitusimamie kama askari. Niinue, kisha ukanawe mikono." Baba akainama, akamshika kwapani, akamwinua, na yule mzee akapiga yowe la maumivu akaligeuza kikohozi. Tukala. Baba akasifu chakula. Alasiri akambusu mama yake kichwani, akaondoka kurudi Riyadh, na habari yangu hakuigusa. Mama Kabira alilala siku ile magoti yamefungwa vitambaa vya moto, na mimi ndiye niliyevibadilisha.

Kesho yake alinishika mkono tukaenda kwa dokta, anachechemea kila hatua. Dokta akasoma vipimo, akakunja uso, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Aliweka chupa zangu mezani akasema, "Nionyeshe unavyofanya nyumbani. Kila kitu." Nikanawa, nikavuta ya haraka, nikavuta mpya juu yake, ukungu ukaingia kama kawaida. Akanishika kifundo cha mkono. "Subiri," akasema kwa upole. "Nani kakufundisha hivi?" Kabla sijafungua kinywa, Mama Kabira akajibu, "Mimi." Dokta akatueleza kwa maneno ya mtoto wa shule. Dawa hii inapaswa kuganda polepole ikishaingia chini ya ngozi, ndipo itoke kidogo kidogo kutwa nzima. Sisi tulikuwa tunaigandisha ndani ya sindano, na ikiganda humo hakuna ajuaye itaamka lini, wala kwa nguvu gani. Akanirudisha kwenye kipimo cha mwanzo. Tende, akasema, ule mashine ikikwambia, usile saa ikikwambia.

Ndani ya teksi Mama Kabira alikuwa akitazama nje njia nzima. Asubuhi yake niliingia jikoni nikakuta sinia imeshapangwa. Upande wangu aliweka sindano mbili, sambamba. Akazigusa moja moja. "Moja. Mbili," akasema. Ya kwanza akanichoma kama siku zote. Ya pili aliishika muda mrefu, akapuliza mkono wangu kwanza kama mtu anayepoza uji wa mtoto, ndipo akachoma. Sikuisikia hata kidogo.

Kuzoea dawa nyingine si jambo la siku moja, na wasioijua sukari hudhani ni kubadilisha chupa tu. Kazi kubwa ilikuwa saa nne za asubuhi. Yeye na laban yake alikula tende zake, mimi nikakaa mbele yake na kahawa chungu, viganja vinatoka jasho la woga mtupu, mashine mkononi. Napima: niko sawa. Robo saa nyingine napima: niko sawa. "Tulia, mwehu wewe," ananiambia, lakini macho yake nayo hayabanduki kwenye mashine. Siku zikaenda hivyo. Kiu ikaondoka. Kisha ikafika asubuhi moja nilikuwa nimetumwa mtaa wa Ghulail kutafuta unga wa mahindi, nimesimama kwenye duka la Wahabeshi nasikiliza wanawake wawili wa kwetu wakisengenya madam wao, na tumbo likanguruma. Nikastaajabu pale pale. Ilikuwa njaa. Si jasho, si kutetemeka, njaa ya kawaida ya binadamu mwenye afya, ambayo sikuionja tangu Riyadh. Nikanunua unga wangu nikarudi nyumbani kwa miguu, nacheka peke yangu barabarani.

Nilikaa na Mama Kabira miaka mingi baada ya hapo, mpaka wanawe walipomhamishia Riyadh kwa nguvu na mimi nikarudi kwetu kwa ridhaa yangu, mzima, wakati ambapo dawa hii hata huku inapatikana. Sikuanguka tena mbele ya Baba wala nyuma yake. Na miaka yote hiyo niliamini kwamba siku ile tulimdanganya vizuri.

Matanga yalipokwisha nikampigia Baba kumpa pole. Yeye naye ni mzee sasa, sauti inakatika katika. Tukaombeana, tukataja wema wa marehemu, nikawa naaga. Akasema, "Fatuma, siku ile ya mchele."

Nikaibana simu sikioni.

"Mchele ulikuwa jikoni unachemka, nilisikia harufu yake tangu ngazini. Sinia ilikuwa tupu." Akavuta pumzi. "Mama yangu hakukaa chini tangu tulipomzika baba. Hata kwa ajili ya Mungu alikaa kitini. Nikamwona yuko chini kwa ajili yako. Basi mimi ni nani nikuondoe?"

Sikumbuki tuliagana vipi. Nilikwenda jikoni. Siku hizi na mimi naswali kitini, magoti yangu hayaitaki tena sakafu, na nyumbani hakuna anayeniruhusu kuinama hata kuokota kijiko. Nilishika ukingo wa meza, nikashuka, kidogo kidogo, kwa maumivu, mpaka nikafika chini, na nikakaa pale kwenye vigae nikamlilia.